Jenomu Tatu za Ngano: Mageuko ya Nyasi za Mwitu na Uboreshaji wa Mbegu

Ngano ya mkate, ambayo unga wake hukandwa kuwa chapati, maandazi na mikate katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, na ambayo pamoja na ngano ngumu ya tambi huwapatia wanadamu takribani moja ya tano ya nishati ya chakula chao, ni mmea wenye hazina ya urithi inayozidi mara kadhaa ile ya binadamu anayeula. Jenomu, yaani jumla ya DNA iliyomo katika seti kamili ya kromosomu za kiumbe, hupimwa kwa kuhesabu herufi zake za kikemia, na kwa kipimo hicho binadamu ana herufi takribani bilioni 3, mpunga haufiki nusu bilioni, ilhali ngano ya mkate inakaribia bilioni 16. Tofauti hiyo haihusiani na ubora wa kiumbe kimoja juu ya kingine. Ni kumbukumbu ya muungano wa nyasi za mwitu zilizokuwa zikiota katika milima na nyanda za Mashariki ya Karibu tangu kabla binadamu hajalima chochote.

Mhadhara huu unafuata historia ya muungano huo kwa kusudi moja mahususi, nalo ni kuonyesha kwamba matukio yaleyale yaliyoipa ngano uwezo wa kuenea duniani ndiyo yaliyoitenga na utajiri wa jamaa zake za porini, na kwamba juhudi za kuurudisha utajiri huo, kwa karibu karne nzima, zimeendeshwa zaidi kwa mtindo wa kuazima jeni moja kwa wakati mmoja, mtindo ambao yaliyotokea Uganda, Kenya na Ethiopia yameufichua udhaifu wake.

Jenasi ya ngano, Triticum, na jirani yake wa karibu sana, Aegilops, zina spishi ambazo idadi za kromosomu zake zimepangika kwa utaratibu. Mwaka 1918 mtafiti wa Kijapani Tetsu Sakamura alibainisha kwamba ngano zote zinaangukia katika makundi matatu, la kromosomu 14, la 28 na la 42, na kwa kuwa namba zote hizo hugawanyika kwa saba, Hitoshi Kihara, aliyeiendeleza kazi hiyo, akaifanya seti ya kromosomu saba kuwa kipimo cha msingi cha jenomu. Kundi la kwanza lina jenomu moja, iliyopewa herufi A, na humo imo nyasi mwitu Triticum urartu. Kundi la pili lina A na B, na humo imo ngano mwitu ya punje mbili, Triticum dicoccoides, pamoja na mzao wake, ngano ngumu. Kundi la tatu lina A, B na D, na hilo ndilo la ngano ya mkate, mmea usio na mzazi hata mmoja wa mwituni mwenye jenomu zote tatu kwa pamoja, kwa maana ngano hiyo ilizaliwa shambani.

Namna jenomu mbili za spishi tofauti zinavyoweza kukaa ndani ya mmea mmoja inahitaji maelezo, kwa sababu kwa kawaida chotara wa spishi mbili huwa tasa. Seli za uzazi zinapotengenezwa, kila kromosomu hutafuta mwenzake anayelingana naye, wakapangana jozi, kisha wakagawanywa sawasawa. Katika chotara, kromosomu za mzazi mmoja hazimpati mwenza wa kweli upande wa pili, ugawanyaji ukavurugika na chavua ikatoka bila uhai. Mara chache sana, hata hivyo, chotara hutoa seli za uzazi zenye kromosomu zake zote bila kupunguzwa, na seli mbili za aina hiyo zinapokutana huzaa mmea ambamo kila kromosomu ina nakala mbili, kila mmoja akiwa na mwenzake, na utasa ukaisha katika kizazi kimoja. Hali hiyo ya kuwa na seti nyingi za kromosomu huitwa poliploidi, na kwa upande wa ngano imetokea mara mbili: kwanza A na B zilipoungana porini mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, kisha jenomu D ilipojiunga nazo chini ya miaka 10,000 iliyopita, wakulima wa kwanza walipoipeleka ngano ya punje mbili mashariki hadi karibu na Bahari ya Kaspi, ambako nyasi Aegilops tauschii ilikuwa ikiota kama gugu kando ya mashamba yao.

Mtoaji wa jenomu A, Triticum urartu, anajulikana bila shaka. Mtoaji wa B ana uhusiano na Aegilops speltoides, lakini jenomu ya speltoides ya leo imetofautiana nayo kiasi cha kuwafanya wataalamu wengi waamini kwamba mzazi halisi ametoweka, au alikuwa tawi jirani ambalo halikuacha uzao mwingine. Kuhusu D, jawabu lilipatikana mwaka 1944 kwa namna inayostahili kutajwa, kwani Kihara nchini Japani, na Edgar McFadden akishirikiana na Ernest Sears nchini Marekani, waliifikia Aegilops tauschii kila upande kwa njia yake, wakati nchi zao zilikuwa vitani na majarida ya kisayansi hayakuwa yakipita kati yake. McFadden na Sears walikwenda mbali zaidi: walichanganya ngano ya punje mbili na nyasi hiyo, wakaongeza maradufu kromosomu za chotara kwa kutumia kolkisini, kemikali itokanayo na mmea ambayo huzuia seli kugawanyika baada ya kromosomu zake kujinakili, na wakapata mmea uliofanana na ngano ya shambani na kuweza kuzaana nayo.

Jenomu D haikuja mikono mitupu. Ngano ngumu ni ngumu kwa sababu jeni za protini zinazoilainisha punje zilipotea katika jenomu A na B baada ya muungano wa kwanza, na zilirudi tu pamoja na D, ndiyo maana ngano ya mkate husagwa kuwa unga mlaini wakati ngano ngumu hutoa chembe za kufanyia tambi. Vilevile, uvutikaji wa donge la unga, ambao humwezesha mpishi kuisukuma chapati bila kuchanika na kuufanya mkate ubaki umeumuka baada ya hamira kutoa hewa yake, unategemea kwa sehemu kubwa protini za gluteni ambazo jeni zake ziko juu ya kromosomu ya kwanza ya jenomu D. Pamoja na hayo, D iliongeza uwezo wa kuvumilia baridi na kuishi katika hali za hewa za namna nyingi, na hilo linaeleza kwa nini ngano ya mkate leo ni takribani asilimia 95 ya ngano yote inayolimwa duniani, kuanzia Kanada hadi miinuko ya Narok na Uasin Gishu.

Faida hizo zilipatikana kwa gharama. Mimea michache tu ya Aegilops tauschii ndiyo iliyoshiriki katika kuzaliwa kwa ngano ya mkate, na kwa kuwa mmea mpya wenye kromosomu 42 hauzaani kwa urahisi na nyasi yenye 14, utofauti mkubwa wa jeni uliomo katika nyasi hiyo ulibaki nje. Ramani za jenomu zilizochorwa katika miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya D ya ngano ilitoka katika ukoo mmoja wa nyasi hiyo unaopatikana kusini mwa Bahari ya Kaspi, na kwamba sehemu ndogo ilitoka katika ukoo mwingine unaopatikana Georgia, jambo linalothibitisha kwamba uchotara haukutokea mara moja tu. Hata hivyo, D imebaki kuwa jenomu fukara kuliko zote tatu. A na B zina hali nafuu, kwa kuwa ngano mwitu ya punje mbili iliendelea kuota kando ya mashamba na kuyapelekea chavua kwa maelfu ya miaka, bila mkulima kuona kilichokuwa kikitendeka.

Kupungua huko kulikuwa kumetanguliwa na kupungua kwingine, kule kulikoletwa na kilimo chenyewe. Suke la ngano mwitu likikomaa hupukutika lenyewe, kila kijisuke kikadondoka na kujichimbia ardhini kwa nywele zake ngumu, sifa inayoufaa mmea na kumkosesha mvunaji. Mabadiliko madogo katika jeni zinazodhibiti udhaifu wa mhimili wa suke yalizaa mimea ambayo masuke yake yanabaki mazima hadi yapurwe, na wavunaji wa kale, kwa kubeba nyumbani yale yasiyopukutika, waliyapanda hayo hayo msimu uliofuata. Kilichobaki shambani baada ya karne nyingi za uteuzi wa namna hiyo kilikuwa kitiifu, lakini kilikuwa sehemu ndogo tu ya kile kilichokuwa mlimani.

Ndani ya jenomu iliyounganishwa, mageuko hayakusimama. Maabara ya Moshe Feldman na Avraham Levy, katika Taasisi ya Weizmann, ilitengeneza upya muungano wa nyasi za jamii ya ngano na kugundua kwamba baadhi ya vipande vya DNA hufutika katika vizazi vya kwanza kabisa, na kwamba jeni nyingine hunyamazishwa bila kuondolewa, kana kwamba jenomu mbili zilizokutana ghafla zinahitaji kutofautiana haraka ili kromosomu zao zisichanganyane. Sehemu iliyobaki ni pana na imejaa marudio: muungano wa kimataifa wa watafiti uliochapisha mwaka 2018 mpangilio wa kromosomu 21 za ngano iitwayo Chinese Spring ulihesabu jeni 107,891 za uhakika, na kuonyesha kwamba takribani asilimia 85 ya jenomu ni vipande vinavyohama, yaani DNA yenye uwezo wa kujinakili na kujipachika mahali pengine. Kwa mtafiti wa mbegu, jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba jeni nyingi zimo mara tatu, moja katika kila jenomu, hivi kwamba mojawapo ikiharibika nyingine mbili huifunika na mmea hauonyeshi dalili. Hiyo ni kinga kwa ngano na ni usumbufu kwa anayetaka kuibadilisha; watafiti wa China waliotaka kuipa ngano ukinzani dhidi ya ukungu wa unga, mwaka 2014, walilazimika kuhariri nakala zote tatu za jeni ya MLO kabla ya kupata matokeo.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote kina jina fupi, Ph1. Kromosomu za A, B na D zinafanana kiasi cha kuweza kupangana jozi zenyewe kwa zenyewe, na kama zingeachwa zifanye hivyo ngano ingekuwa na chavua mbovu na mavuno haba, lakini eneo moja katika mkono mrefu wa kromosomu 5B huhakikisha kwamba kila kromosomu inapangana na pacha wake halisi tu. Eneo hilo lilitambuliwa mwaka 1958 na makundi mawili, Ralph Riley na Victor Chapman nchini Uingereza, na Sears pamoja na Okamoto nchini Marekani. Umuhimu wake ni wa pande mbili: ndilo linaloifanya ngano ya mkate izae kama mmea wa kawaida licha ya seti zake tatu, na ndilo linaloikataza kromosomu ya nyasi mwitu, hata ikishaingizwa ndani ya ngano kwa uchavushaji, kubadilishana vipande na kromosomu ya ngano. Utaratibu wa ndani umepatikana kwa kufunga milango ya nje, na uboreshaji wa ngano kwa kutumia jamaa zake za mbali umekuwa, kwa sehemu kubwa, historia ya kuuzunguka mlango wa Ph1.

Sears aliuzunguka kwa eksirei. Alitaka kuhamisha ukinzani dhidi ya kutu ya majani, ugonjwa unaoletwa na kuvu, kutoka Aegilops umbellulata, nyasi isiyokubali kuzaana moja kwa moja na ngano ya mkate, kwa hiyo aliipitisha kwanza katika ngano ya punje mbili, akapata mmea wa ngano wenye kromosomu moja ya nyasi hiyo, kisha akaipiga mimea hiyo kwa mionzi ili kromosomu zikatike na kujiunga upya ovyoovyo. Katika mipachiko mingi aliyoipata, mmoja ndio uliobeba kipande kidogo chenye ukinzani bila kuudhuru mmea, na matokeo hayo, aliyoyachapisha mwaka 1956, yaliipa dunia jeni iitwayo Lr9. Kwa ustadi wa kisayansi, kazi hiyo haina mfano wake katika enzi yake. Kwa upande wa shamba, mbegu zenye Lr9 zilipoanza kulimwa Marekani haikupita miaka mingi kabla ya kuvu ya kutu kupata aina inayoishinda, na hapo ndipo tatizo lenyewe linapoanzia.

Kutu ya shina, ambayo ni jamaa ya ile ya majani lakini kali zaidi, husababishwa na kuvu Puccinia graminis, ambayo hupasua ngozi ya shina kwa vidonda vya rangi ya matofali, ikanyonya maji na chakula, na kuliacha shamba lililokuwa na sura ya mavuno mema wiki chache kabla likiwa limelala chini na punje zimesinyaa. Vijimbegu vyake husafiri na upepo kuvuka nchi na bahari. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 kuvu hiyo ilidhibitiwa vizuri, kwa kiasi kikubwa kwa msaada wa jeni Sr31, ambayo haikutoka katika ngano bali katika rai, nafaka ya nchi za baridi, na iliyoingia katika ngano pamoja na mkono mzima wa kromosomu uliobeba pia faida za mavuno. Mbegu zenye mkono huo zilienea Ulaya, Asia na Amerika, kwa sababu zilikuwa nzuri kwa kila kipimo. Kosa, kama ni haki kuliita kosa, lilikuwa kwamba dunia ilikabidhi ulinzi wa zao lake kwa jeni moja, halafu ikapunguza utafiti wa kutu kwa kudhani kwamba vita vimekwisha.

Mwaka 1998, katika majaribio ya ngano nchini Uganda, mbegu zenye Sr31 zilionekana na vidonda vya kutu ya shina, na uchunguzi wa mwaka uliofuata ukathibitisha aina mpya ya kuvu iliyopewa jina Ug99. Ilionekana Kenya mwaka 2001, Ethiopia 2003, Yemen 2006 na Iran 2007, ikifuata njia ya upepo kuelekea mashamba makubwa ya Asia. Asili yake ilifahamika mwaka 2019, jenomu ya kuvu iliposomwa kwa undani: seli ya kutu huwa na viini viwili vinavyoishi pamoja bila kuungana, na katika Ug99 kiini kimoja kinafanana kabisa na kile cha aina ya zamani iliyojulikana kusini mwa Afrika na Australia, maana yake ni kwamba kuvu mbili zilikutana bila tendo la kijinsia, zikabadilishana viini vizima, na kiumbe kipya kikazaliwa. Adui wa ngano, basi, aliitumia mbinu iliyoizaa ngano yenyewe, ya kuunganisha jenomu nzima kwa mara moja, na inafaa kusemwa kwamba hakukawia kama ngano ilivyokawia.

Kituo cha utafiti cha Njoro, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako uzalishaji wa mbegu za ngano ulianza tangu enzi za walowezi, kimekuwa tangu mwaka 2005 mahali ambapo mbegu za majaribio kutoka nchi nyingi hupandwa kwa maelfu kila msimu ili zikabiliane na kuvu hiyo uwanjani. Mambo yaliyoonekana huko yanapaswa kusomwa kwa mfululizo. Jeni Sr24, iliyotoka katika nyasi mwitu ya jenasi Thinopyrum, ilishindwa na tawi jipya la Ug99 nchini Kenya mwaka 2006. Jeni Sr36, iliyotoka katika Triticum timopheevii, ilishindwa mwaka 2007. Mbegu iitwayo Robin, iliyopokelewa vizuri na wakulima wa Kenya kwa mavuno yake na ukinzani wake, ilitegemea jeni nyingine, SrTmp, na kufikia mwaka 2014 kuvu yenye uwezo wa kuishinda ilikuwa imepatikana Kenya. Nchini Ethiopia, mwishoni mwa mwaka 2013, mbegu iliyopendwa ya Digalu iliangamizwa katika maeneo makubwa na kuvu ya ukoo mwingine kabisa, usio wa Ug99, iliyoweza kuishinda jeni hiyo hiyo.

Mfululizo huo mara nyingi hutafsiriwa kuwa ni ushahidi kwamba zinahitajika jeni zaidi kutoka porini, na tafsiri hiyo ni ya kweli nusu. Jeni hizo zilipokuwa porini hazikuishi peke yake. Katika mlima mmoja wa Galilaya au Armenia, mimea ya ngano mwitu iliyosimama kwa umbali wa hatua chache hubeba jeni tofauti za ukinzani, kwa hiyo kuvu inayofaulu katika mmea mmoja hukwama katika mmea wa jirani, na hakuna aina moja ya kuvu inayopata nafasi ya kuenea bila kizuizi. Jeni ikitolewa katika mchanganyiko huo na kupandwa peke yake katika mamilioni ya hekta, inakuwa imeng'olewa katika mazingira yaliyoifanya idumu, na kuvu inahitaji badiliko moja tu ili ipate bara zima. Udhaifu unaolaumiwa kwa jeni za mwitu ni, kwa kipimo cha haki, udhaifu wa namna zilivyotumiwa.

Upande wa pili wa hoja hii unaonyeshwa na jeni Sr2. McFadden, yuleyule aliyetajwa juu, aliipata kwa kuchanganya ngano ya mkate na ngano ya punje mbili ya shambani iitwayo Yaroslav, na katika miaka ya 1920 akatoa mbegu aliyoipa jina la Hope. Sr2 haizuii kutu kabisa. Hupunguza kasi yake katika mmea uliokomaa, kiasi ambacho pengine kingemfanya mtafiti mwenye haraka aitupe. Mtafiti wa mbegu Norman Borlaug aliitumia sana katika mbegu zake za Mexico, ikiambatana na jeni nyingine ndogondogo, na hadi leo, baada ya takribani karne moja, ingali ikifanya kazi hata mbele ya Ug99.

Njia iliyo tofauti na kuazima jeni moja ni kurudia muungano wenyewe. Kituo cha kimataifa cha uboreshaji wa mahindi na ngano kilichoko Mexico, CIMMYT, kilianza katika miaka ya 1980 kutengeneza kwa wingi ngano sanisi, yaani ngano inayopatikana kwa kuchanganya ngano ngumu na Aegilops tauschii kutoka sehemu mbalimbali na kuongeza kromosomu maradufu, na imefikia mistari zaidi ya elfu moja. Mmea wa namna hiyo kwa kawaida huwa na punje zisizopurika vizuri na sura ya magugu, lakini una jenomu D mpya nzima ambayo Ph1 haina sababu ya kuikataa, kwa kuwa kromosomu zake ni pacha za zile za ngano ya mkate. Huko Sichuan, nchini China, mbegu ya Chuanmai 42, iliyotokana na ngano sanisi na kutolewa mwaka 2003, iliizidi mbegu ya kulinganishia kwa zaidi ya asilimia 20 katika majaribio ya mkoa, na faida hiyo haikutoka katika jeni moja ya ugonjwa bali katika vipande vingi vidogo vya D vilivyokuwa vimekosekana kwa maelfu ya miaka.

Si magonjwa peke yake yanayotafutwa. Ngano mwitu ya punje mbili, ambayo Aaron Aaronsohn aliikuta ikiota karibu na Rosh Pinna huko Galilaya mwaka 1906 na kuwathibitishia wataalamu kwamba mzazi wa ngano ngumu angali hai, ina punje zenye protini, zinki na chuma kwa wingi. Mwaka 2006 jeni inayohusika na sifa hiyo, NAM-B1, ilitambuliwa, na kumbe kazi yake ni kuyazeesha majani mapema ili naitrojeni na madini yahamie katika punje. Katika ngano nyingi za leo jeni hiyo imeharibika au haipo kabisa, na majani hubaki mabichi muda mrefu zaidi yakiijaza punje wanga. Uwezekano ni kwamba wakulima, kwa kuteua punje nono msimu baada ya msimu, waliipoteza bila kujua, na kuirudisha kunahitaji uangalifu, kwani madini hupanda na uzito wa punje unaweza kushuka.

Kazi zote hizo zinategemea kuwapo kwa mimea yenyewe, na historia ya kuitunza ina huzuni zake. Nikolai Vavilov, aliyekusanya mbegu kutoka mabara matano na kufika hadi Uhabeshi mwaka 1927, alifia gerezani Saratov mwaka 1943, na baadhi ya wafanyakazi wa taasisi yake mjini Leningrad walikufa kwa njaa wakati wa mzingiro wakiwa wamezungukwa na nafaka walizokataa kuzila. Kituo cha utafiti wa kilimo cha ICARDA, kilichokuwa karibu na Aleppo na kumiliki mkusanyo muhimu sana wa ngano mwitu na Aegilops, kilipokwamishwa na vita vya Syria kililazimika mwaka 2015 kuomba akiba yake kutoka ghala la mbegu la Svalbard, nchini Norway, likiwa ndilo ombi la kwanza tangu ghala hilo lifunguliwe mwaka 2008, na kuanza upya Morocco na Lebanon. Ghala la baridi, pamoja na umuhimu wake wote, huyasimamisha mageuko siku mbegu ilipowekwa, ilhali kuvu za nje zinaendelea kubadilika; kwa sababu hiyo hifadhi za mimea hai, kama ile ya Erebuni iliyotengwa mwaka 1981 pembezoni mwa mji wa Yerevan nchini Armenia, yenye hekta 89 tu za ngano mwitu za namna kadhaa, hazistahili kuhesabiwa kuwa nyongeza ya ghala. Zinafanya kazi ambayo ghala haliwezi.

Usomaji wa jenomu sasa umefanya iwezekane kuzitambua jeni za porini moja kwa moja bila kusubiri miaka mingi ya uchavushaji. Mwaka 2013 zilitambuliwa Sr33, kutoka Aegilops tauschii, na Sr35, kutoka ngano ya punje moja, Triticum monococcum, zote zikiwa na uwezo dhidi ya Ug99, na nyingine zimefuata. Mwaka 2021 watafiti walitangaza ngano iliyopachikwa jeni tano za ukinzani zilizofungwa pamoja mahali pamoja juu ya kromosomu, Sr22, Sr35, Sr45, Sr50 na Sr55, zilizotoka katika ngano za punje moja, Aegilops tauschii, rai na ngano ya mkate yenyewe, na kwa kuwa zinarithiwa kama jeni moja, mtafiti wa mbegu hawezi kuzipoteza njiani wala mkulima hazigawanyi. Kwa hesabu, kuvu ingehitaji mabadiliko kadhaa kwa pamoja ili kuushinda mkusanyiko huo, jambo lililo gumu sana kutokea. Hesabu hiyo, hata hivyo, ina sharti ambalo maabara haiwezi kulitimiza: jeni hizo tano zisiwe zinalimwa pia moja moja katika nchi jirani, kwa sababu kila mbegu yenye Sr35 peke yake, au Sr22 peke yake, huipa kuvu ngazi ya kupandia hatua kwa hatua. Kwa vile vijimbegu vya kutu vilivyoonekana Uganda mwaka 1998 vilifika Iran katika muda wa miaka tisa, makubaliano ya namna ya kuzitoa mbegu hayawezi kuwa ya nchi moja, na nchi zinazolima ngano kati ya Njoro na Bahari ya Kaspi bado zinaidhinisha mbegu zake kila moja kwa sheria zake.